Ukienda Mkutanoni, Mdogo Wangu

Mdogo wangu, kitindamimba wa mama yetu,

Miaka mitatu! Kuku akipotea siku tatu watu husema ameliwa, wanamsahau. Wewe umepotea miaka mitatu, na mimi bado nawaambia watu uko hai, kwa ushahidi wa mkwe wako tu, ambaye kila nikipiga simu hupokea yeye na kuniambia, Mama mkubwa, mama hajambo, ametoka kidogo. Unatoka kwenda wapi, wewe mwenye magoti yanayolia kama mlango? Miaka mitatu ya kutoka kidogo! Ungekuwa na nia ungeshafika hapa kwa miguu, tena kinyumenyume.

Haya, salamu kwanza, watu wasije wakasema mama alizaa akasahau kulea. Hujambo? Magoti yanasemaje? Binti yako na mumewe hawajambo? Na yule mjukuu, anasema sasa? Anajua kwamba ana bibi mwingine huku, mkali kidogo lakini hang'ati? Mimi sijambo kwa kadiri ya umri. Mgongo unanikumbusha kila asubuhi kwamba nao upo. Macho yanaona mbali, karibu hayaoni, kwa hiyo mambo ya majirani nayaona yote na chakula changu sikioni. Nyumba ni ile ile. Chumba chako nakifagia, nakifunga, halafu nashangaa nimekifagia kwa ajili ya nani.

Anayeandika barua hii ni Fundi, yule mama mshonaji wa mlango wa pili. Mimi nasema, yeye anaandika, cherehani imepumzika. Nimemwapisha aandike nisemavyo, asinipunguze hapa na kunishonea pindo pale. Najua utaisoma mwenyewe, maana ulikwenda kisomo cha watu wazima ukiwa na wajukuu, daftari kwapani, na mimi nikakaa hapa kizingitini nikikucheka. Sasa wewe unasoma, mimi namsemea Fundi. Kicheko kimehama. Basi soma peke yako. Usimpe mkwe akusomee. Haya ningeweza kuyasema kwenye simu yake, lakini kuna mambo hayapiti kwenye simu ya mkwe.

Jambo lenyewe ni hili. Wiki iliyopita muuguzi mkuu wa zahanati yetu aliniita. Imekuja bahasha kutoka ng'ambo, kwa wale wenye mkutano wa wakunga, ule ule niliokwenda mimi miaka mitatu iliyopita. Wanaita tena mkunga mmoja kutoka kwetu. Ndani mna barua ya mwaliko, kijitabu cha kuwaelekeza wageni, na karatasi nyingine moja ambayo nitaifikia, maana hiyo ndiyo iliyoniondolea amani. Mdogo wangu, safari hii nataka uende wewe. Usidhani nakupa zamu, kama tunavyopeana zamu ya kufagia. Usipokwenda wewe, kuna jambo baya litafundishwa kwa watu wengi, na aliyelianzisha ni mimi. Usirukie mwisho wa barua! Nakujua. Nifuate polepole, kwa sababu hata mimi kichwani mambo yamelala hovyo kama nguo kwenye beseni. Nikivuta moja zinakuja tatu, na ya nne inararuka.

Kile kijitabu Fundi amenisomea chote, mara mbili. Kimeandikwa na watu ambao hawajawahi kupotea. Ndiyo maana nakuandikia mimi, niliyepotea kila mahali kinapopataja.

Kinasema ukishuka kwenye ndege ufuate mishale. Usifuate mshale wowote. Nilifuata mmoja nikafika chooni, nikafuata mwingine nikarudi choo kile kile, mpaka yule anayepiga deki akaanza kunisalimia kama jirani. Mwambie muuguzi mkuu, anapokata tiketi, aandikishe kwamba wewe ni mtu wa kusaidiwa. Watakuletea kiti cha magurudumu. Mimi kilipoletwa nilikasirika, nikawaambia miguu yangu mizima, nimezalisha wanawake nikiwa nimesimama wima tangu mama zao hawajazaliwa. Hawakuelewa hata neno, wakanikalisha. Nilipoona urefu wa mahali penyewe nikakunja mikono. Nilisukumwa kama bibi harusi, watu wananipisha kushoto na kulia. Kaa, mdogo wangu. Kwako wewe, na magoti hayo, hata haitakuwa uongo.

Ukitokeza nje utakuta watu wameshika vibao vya majina. Hapo ndipo utashukuru kwamba ulisoma. Mimi nilisimama mbele ya watu kumi na wawili na vibao vyao, sijui kipi ni changu. Nikaacha vibao, nikawa naangalia nyuso, nikimtafuta aliyekuwa ananitafuta. Nikampata. Alikuwa dada mmoja wa miwani mikubwa, mkalimani, anayesema lugha yetu safi kama amelala hapa jana. Nilimkumbatia mpaka miwani ikaanguka.

Chumba cha hoteli hakina ufunguo. Wanakupa kadi ngumu, unaigusisha mlangoni, mlango unalia tii, unaingia. Sasa sikiliza, maana hili kijitabu hakikusema, labda wanadhani kila mtu amezaliwa analijua: kadi hiyo hiyo unaichomeka kwenye kijitundu ukutani, ndipo taa ziwake. Mimi niliiweka kifuani, nikaketi kitandani mchana kutwa, mapazia yamefungwa, sijui yanafunguliwaje, giza totoro. Nikasema kumbe hata hawa umeme unawakatikia. Nikawahurumia kwa dhati. Mkalimani alipokuja kuniangalia, akachomeka kadi, taa saba zikawaka kwa pamoja, nikajikuta nimekaa nimevaa viatu na koti, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri basi.

Maji ya bomba yanyweka; hapo kijitabu kimesema kweli. Bomba la kuogea lina kichwa kimoja tu kwa maji ya moto na ya baridi. Lisogeze taratibu kama unavyomgusa mtoto wa siku moja. Ukilivuta kwa hasira litakubabua. Chaja ya simu yako haitaingia kwenye ukuta wao, kwa sababu plagi zao zina miguu ya namna nyingine, na usilazimishe kama nilivyolazimisha mimi. Muuguzi mkuu ana adapta, mwombe, na mrudishie.

Chukua nguo za baridi. Kijitabu kinasema uvae nguo nyepesi nyingi, moja juu ya nyingine, ili uvue na kuvaa. Ni kweli, maana nje baridi, ndani joto, kwenye basi joto, ukumbini baridi. Siku ya kwanza nilivua na kuvaa mpaka nikasahau ipi ilikuwa ya ndani.

Chakula cha asubuhi utakikuta kimepangwa kwenye meza ndefu. Mimi nilikaa kwenye meza yangu kwa adabu, mikono magotini, nikisubiri kukaribishwa. Mgeni hajipakulii. Watu wakaja, wakala, wakaondoka. Wahudumu wakaanza kuondoa sahani, nami bado nimekaa, nikitabasamu kwa yeyote anayepita ili aone kwamba sijakasirika. Nilikwenda kwenye kikao cha kwanza na njaa, nikijiuliza nimewakosea nini. Kumbe hakuna wa kukukaribisha. Inuka, chukua sahani, jipakulie, na wala hakuna atakayekuhesabia vijiko. Mpaka leo sijaelewa kama huo ni ukarimu au ni kukosa muda.

Kutoka hotelini hadi ukumbini ni mwendo wa kama kutoka kwetu mpaka zahanati, lakini kuna barabara mbili za kuvuka. Kuna nguzo ina kitufe. Unakibonyeza, unasubiri taa igeuke kijani. Hata kama hakuna gari hata moja, wanasubiri! Nimewaona watu wazima na mikoba yao, wamesimama kando ya barabara tupu, kimya, kama wanapisha jeneza. Nikataka kuvuka, mkalimani akanishika mkono. Basi lina kadi yake nyingine. Unaigusisha unapopanda na unaposhuka. Na ukumbini kuna kadi ya tatu, ya shingoni, yenye jina lako. Kadi tatu kwa mtu mmoja! Niligusisha ya chumba kwenye basi, na ya basi kwenye mlango wa chumba, na mlango wa ukumbi niliuonyesha zote tatu, mlinzi achague mwenyewe. Wewe ifunge ya chumba uzi mwekundu. Fundi atakupa.

Na mfuko! Ukiingia ukumbini unapewa mfuko, ndani mna karatasi na kalamu. Watu mia nane, mifuko mia nane, yote ya bluu, yote sawa. Niliuweka chini kidogo nikainama kufunga kiatu, nikauinua, kumbe nimeinua wa mtu. Nilitembea na miwani na dawa za presha za mkunga mmoja kutoka nchi nyingine mpaka mchana, naye akawa anatembea na kandambili zangu. Tulipokutana tulicheka mpaka tukashikana mabega, na hatukuwa na hata neno moja la pamoja. Yule mama nilimpenda. Wewe fundo, mdogo wangu. Piga fundo la kitambaa kwenye mkono wa mfuko wako kabla hujaachana nao.

Sasa saa. Hapa shika vizuri. Ratiba imeandikwa tarakimu, na tarakimu yao si saa yetu. Mkalimani aliniambia tangu jioni kwamba zamu yangu ya kusimama mbele ya watu ni saa tatu asubuhi. Nikasema sawa. Asubuhi yake akapitia mama mmoja wa mapokezi, akanionyesha kwenye karatasi yake: tisa. Tarakimu nazijua, ni herufi tu zinazonikwepa. Nikasema tisa ni saa tisa, alasiri, jua limegeuka, wamebadilisha. Nikarudi chumbani, nikajinyoosha. Kumbe tisa yao ndiyo tatu yetu ya asubuhi. Wao huanza kuhesabu usiku wa manane, watu wamelala, sijui ni nani huwa macho kuwaanzishia. Mkalimani alikuja mbio, miwani mkononi. Watu mia mbili walikuwa wameketi wananisubiri mimi. Kwa hiyo, ratiba ikisema tisa, wewe toa sita, ubaki na tatu.

Kuna na kile kitu cha sikioni. Mkalimani hukaa kwenye kibanda cha kioo kule nyuma, na sauti yake inakuja ndani ya sikio lako. Hakuna aliyenitayarisha. Nimekaa, mzee mmoja anasema jukwaani kwa lugha yake, mara sauti ya mwanamke sikioni mwangu ikasema, kwa lugha yetu kabisa: ndugu zangu, kwanza kabisa ni lazima tuwe wakweli kuhusu yale tunayoyajua na yale tusiyoyajua. Nilishtuka nikaitikia kwa sauti, Ndiyo, nimesikia! Safu tatu zikageuka kuniangalia. Wewe hutashtuka, kwa sababu nimekwambia. Wala hutakuwa na sababu ya kushtuka.

Fundi ananiuliza kama aifunge barua. Asiifunge. Maelekezo yamekwisha na bado sijasema kitu.

Nilipokelewa vizuri mno, mdogo wangu. Yule daktari mrefu, mwanamke aliyewahi kuja kuitembelea zahanati yetu, ndiye aliyekuwa mwenyeji. Alinishika mikono yote miwili mbele ya watu, akaiinua juu, akasema hii ndiyo mikono niliyowaambia habari zake. Wakasimama. Watu wazima, wenye elimu zao, wakasimama wakapiga makofi, wengine wanafuta machozi. Nikazidi kuchanganyikiwa. Kila waliponisifu nilijiona napungua. Kila aliyenipa kiti nilitaka kumwambia kaa wewe. Nilirudi nyumbani na zawadi na picha, na nyinyi nyote mkaniuliza kulikuwaje, nikawaeleza habari za kiti cha magurudumu, mkacheka, yakaishia hapo. Wewe hukuwepo. Ulikuwa umeshakwenda kwa binti yako.

Sasa karatasi ya tatu. Fundi aliikunjua hapa mezani, akasema hii ina picha tupu. Picha sita za mikono juu ya tumbo, na mishale midogo ya kuonyesha mikono inakoelekea. Uso haupo. Mimi sikuhitaji uso. Nilikiona kidole changu kilichopinda, kile kilichobanwa na mlango wa zahanati mwaka ule wa mvua. Chini pameandikwa, Fundi akanisomea, kwamba hivi ndivyo mkunga mzee alivyowaonyesha namna ya kumgeuza mtoto aliyekaa vibaya tumboni, na kwamba katika mkutano wa safari hii wakunga vijana watafundishwa hivyo hivyo, na karatasi imeshatumwa kwenye nchi nyingi wajitayarishe.

Mdogo wangu, mimi sijamgeuza mtoto hata mmoja maishani mwangu. Wewe unajua. Sasa na Fundi anajua, na ameinua kalamu ananiangalia juu ya miwani yake. Andika, Fundi. Andika kama nilivyosema.

Siku ile daktari mrefu alipokuja, alisimama nyuma ya pazia, akaona migongo tu: vikongwe wawili, vitambaa vya kichwa vya aina moja, mmoja kwenye tumbo, mmoja kichwani kwa mzazi amemshika mikono. Kwenye tumbo ulikuwa wewe. Siku zote ni wewe. Mtoto akageuka, mama akashusha pumzi, mgeni akaondoka na gari lake. Miezi sita baadaye muuguzi mkuu akaja na barua, akasema wanamtaka yule aliyemgeuza mtoto siku ya mgeni, nani kati yenu? Maana sisi watu wametuchanganya tangu utotoni. Wewe ulikuwa chumba cha nyuma, unafua mashuka. Nikasema: mimi. Neno lilitoka kama chafya. Ningelirudisha, lakini chafya hairudi puani.

Unataka kujua kwa nini. Nami nataka kujua. Nimezunguka nalo miaka mitatu kama mtu anayetafuta miwani iliyo usoni. Labda ni shangazi, aliyeturithisha ukunga. Unakumbuka alipotuita atuchague? Alishika mikono yangu, akaiachia. Akashika yako, hakuiachia. Akasema mkubwa atawapokea watoto, mdogo atawageuza. Mimi ndiye niliyekuwa nimeshakwenda naye kwa wazazi mara nne! Wewe ulikuwa bado unalamba vidole. Nikasema sawa, shangazi. Nikasema sawa kwa miaka hamsini, kila mama aliyekuja akapita kwangu akiuliza, yuko wapi yule mwingine? Nami namwambia, anakuja, kaa. Sikukuchukia hata siku moja, hilo naapa mbele ya Fundi na cherehani yake. Nilikupenda na nilikuonea wivu kwa moyo ule ule, na sijui vilikaaje humo bila kugombana.

Kule walinipa mwanamke wa mpira, tumbo wazi kwa juu, mtoto wa mpira ndani. Wakasema tuonyeshe. Nimekuona ukifanya mara mia, lakini mimi nimekaa kichwani kwa mzazi siku zote. Nimekuona kwa upande wa pili, kama mtu anayetazama nguo kwa ndani. Tena wewe ni wa mkono wa kushoto. Nikatanguliza wa kulia, nikasukuma pale nilipodhani, na mtoto wa mpira akageuka. Mpira hugeuka vyovyote! Mpira haulii, hautoki damu, haukwambii umekosea. Wakapiga makofi, wakapiga picha. Nikalia, wakadhani ni furaha. Daktari mrefu peke yake alikunja uso kidogo, akasema mbona anakumbuka mkono wa kushoto ndio ulioongoza. Nikamjibu kwa mkalimani kwamba pazia lilikuwa limemchanganya. Uongo wa pili, kuulinda ule wa kwanza. Nilidhani utabaki kule kule ukumbini, uzikwe na vumbi. Sikujua kwamba mikono inaweza kuchapwa, ikakunjwa, ikatumwa mbali kuliko nilikofika mimi mwenyewe.

Mtu anaweza kufa, mdogo wangu. Binti fulani asiyenijua, mtoto wake amekaa vibaya, na mkunga kijana anafuata mishale ya kidole changu.

Jana asubuhi nilikwenda kwa muuguzi mkuu, nikamwambia yote nimesimama. Alivua saa yake mkononi, akaivaa, akaivua tena. Kisha akasema hilo ni jambo la kumfungisha mtu, bibi, na mimi nikasema najua. Akasema atawaandikia siku hiyo hiyo kwamba karatasi isitumike. Lakini akasema pia kwamba neno la kusema hii si sahihi halitoshi. Iliyokwisha kusambaa itaondolewa na iliyo sahihi tu, na iliyo sahihi iko kwako. Kwenye mikono yako, si kwenye mdomo wangu. Wakuone ukifanya mbele ya madaktari, waulize, waelewe ni wakati gani inafaa na wakati gani mzazi apelekwe hospitali mbio, maana hilo nalo wewe ndiye unayelijua, na mimi nilikuwa nikikusikia tu ukilisema. Hawajajibu bado. Sijui watanifanya nini. Nimemwambia muuguzi mkuu waseme lolote, mradi jina langu litolewe mahali pako.

Kuna jambo moja nakuuliza, na hili ndilo linaloniamsha. Ulisikia walikuwa wanamtaka nani? Siku ile mlango wa chumba cha nyuma ulikuwa wazi. Ulitoka na beseni kiunoni, maji yanachuruzika, ukaniangalia, ukasema, Hongera, dada. Ukapita kwenda kuanika. Sikuona kitu usoni mwako, nami nakusoma wewe tangu ulipozaliwa, maana wewe ndiwe kitabu pekee nilichowahi kusoma. Mwezi uliofuata ukasema unakwenda kumsaidia binti yako aliyejifungua, wiki sita tu. Wiki sita gani hizi? Kama hukusikia, basi umekaa huko kwa sababu zako, na leo nimekuumiza upya. Kama ulisikia, basi uliniacha nipande ndege na sifa ya kazi yako mfukoni, hukunizuia, na sijui kama hilo lilikuwa pendo au ni adhabu. Nimeligeuza pande zote. Unaona, hata maneno siwezi kuyageuza.

Kwenda au kutokwenda ni juu yako. Sina mkono wa kukuvuta. Lakini ukikubali, pasipoti yako inashughulikiwa huku, na muuguzi mkuu anataka picha zako na saini yako kabla mwezi haujaisha, kwa hiyo itabidi uje. Saini weka mwenyewe, kwa kalamu. Usiweke dole gumba, nataka waone kwamba katika nyumba yetu kuna aliyesoma.

Nisalimie binti yako, mwambie sijamkasirikia kwa kukuficha. Nisalimie mkwe, anapokea simu vizuri, tena ana subira kuliko mimi. Mbusu mjukuu kisogoni. Fundi anakusalimu, anasema hatasema, nami namwamini, kwa sababu amelia kwenye kitambaa cha mteja na sasa ana siri yake mwenyewe. Wazazi wa huku wote wanakuulizia. Bado nawaambia, anakuja, kaa.

Ukija, usisimame mlangoni ukasema, dada, yameisha. Nakujua, utasema yameisha ili uwahi basi la kurudi. Ingia ndani, vua viatu, kaa kitako mbele yangu, kisha unitukane. Anza popote, hata kwa shangazi. Nitukane mpaka ushibe, nami sitainuka. Chai nitaibandika ukishamaliza, siyo kabla, maana nikikupa chai mapema utanisamehe kwa adabu.

Ni mimi,
dada yako, niliyetoka tumbo lile lile kabla yako